Mzigo wa Wakimbizi na Mizani ya Haki: Jinsi Mabaraza ya Ujerumani Yanavyogawana Gharama za Malazi

Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo juu ya kazi za serikali za mitaa.



Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtu amwonapo mwenzake amejitwika hudhani ni kitu chepesi, wala hajui uzito wake mpaka aubebe kichwani pake mwenyewe. Nimeitaja methali hiyo kwa sababu habari nitakayowaeleza leo ni habari ya mzigo, na ya watu waliobishana miaka mingi juu ya nani aubebe, na kwa kiasi gani. Mzigo wenyewe ni gharama ya kuwapa malazi wakimbizi.

Watu wakikimbia vita au mateso na kuvuka mpaka, mwenye kuwaruhusu kuingia ni serikali kuu ya nchi. Lakini hawaendi kulala katika ofisi za serikali kuu. Hulala katika mji fulani au kijiji fulani, chenye baraza lake na mweka hazina wake. Hapo ndipo panapotakiwa nyumba, maji, vyoo, magari ya kuzoa taka, na madawati ya watoto shuleni. Basi swali ni hili: ikiwa mlango umefunguliwa na taifa zima, je, ni haki gharama ilipwe na kijiji kile tu ambacho wageni wamekifikia?

Nchi iliyolazimika kulijibu swali hili zaidi ya mara moja ni Ujerumani. Majibu yake hayakuwa mazuri yote, na mengine yalipatikana baada ya ugomvi mwingi. Kwa hiyo yafaa kuyaangalia moja moja, tuone yaliyofaa na yaliyopungua.

Madaraja matatu ya serikali

Kwanza yapasa tuelewe jinsi nchi ile inavyotawaliwa. Juu kabisa ipo serikali kuu, ambayo makao yake ni Berlin. Chini yake yako majimbo 16, na kila jimbo lina bunge lake, mawaziri wake na hazina yake. Chini ya majimbo ziko wilaya, miji na vijiji, ambavyo mabaraza yake yapata 11,000. Katiba ya mwaka 1949, katika kifungu cha 28, imeyapa mabaraza hayo haki ya kujiendeshea mambo ya mahali pao yenyewe. Wala hiyo si haki ndogo, kwa maana baraza hujipangia matumizi yake na hujibu kwa watu wake lililoyatenda.

Sasa angalieni jinsi kazi ya wakimbizi ilivyogawanywa. Mtu akiomba hifadhi, ombi lake huamuliwa na idara ya serikali kuu. Wakati huohuo jimbo humpokea katika kambi ya mapokezi, likampa kitanda na chakula. Baada ya hapo hupelekwa wilayani au mjini, na baraza la mahali pale ndilo linalopaswa kumtafutia nyumba. Hivyo mwenye kuamua ni mmoja, mwenye kupokea ni wa pili, na mwenye kulaza ni wa tatu. Kusipokuwa na kanuni iliyoandikwa, kila mmoja wao atasema kwamba mfuko unaotakiwa kufunguliwa ni wa mwenzake.

Mafunzo ya mwaka 1945

Watu wengi hudhani kwamba wakimbizi wa kwanza wengi kuingia Ujerumani walitoka nchi za mbali. Sivyo. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Wajerumani wapatao milioni 12 walikuwa wamekimbia au walifukuzwa katika nchi za mashariki walizokuwa wakikaa, kama vile Silesia, Pomerania, Prussia ya Mashariki na sehemu za Chekoslovakia. Walifika wakiwa na mabegi na vigari vya kukokotwa kwa mikono, wakaikuta miji mikubwa imebomolewa na mabomu.

Kwa kuwa mijini hapakuwa na nyumba, wengi walipelekwa mashambani ambako mabomu hayakuanguka. Haukufanywa mgawanyo wa haki. Jimbo la Schleswig-Holstein, lililo kaskazini, lilikuwa na watu karibu milioni 1.6 mwaka 1939; kufika mwaka 1949 walikuwa wapata milioni 2.7. Majimbo ya Saksonia ya Chini na Bavaria nayo yalijaa. Lakini eneo la kusini-magharibi, ambalo wakati ule lilikuwa chini ya Wafaransa, lilikataa kwa muda kuwapokea watu hao. Hivyo majimbo matatu yalilemewa, na mengine yakatazama.

Mwezi wa Machi mwaka 1946 mataifa manne yaliyoshinda vita yalitoa sheria ya nyumba, ambayo ilizipa ofisi za mitaa uwezo wa kuhesabu vyumba katika kila nyumba na kuwaweka watu ndani yake. Mkulima aliyekuwa na vyumba vinne aliambiwa atoe viwili. Fikirini mambo yaliyofuata! Wake wawili wasiojuana walitumia jiko moja, kuni zikawa za kugombewa, na mwenye nyumba akamwona mgeni kuwa mnyang'anyi, na mgeni akamwona mwenye nyumba kuwa mtu asiye na huruma. Na kwa kweli wote wawili walikuwa na haki ya kulalamika. Mmoja alikuwa amepoteza kila kitu kwa ajili ya vita ambavyo taifa zima lilipigana. Mwingine alikuwa akilipa peke yake deni hilohilo la taifa zima, kwa sababu tu nyumba yake haikuanguka.

Sheria ya kusawazisha mizigo

Hapo ndipo watawala walipotambua kwamba kumhamisha mtu hakutoshi kama mzigo wenyewe haukuhamishwa. Kuanzia mwaka 1949 serikali mpya ya Ujerumani Magharibi ilifanya mpango wa kuwaondoa mamia ya maelfu ya watu katika majimbo yale matatu na kuwapeleka katika majimbo yenye kazi na nafasi. Mwaka 1950 ikatungwa sheria ya ujenzi wa nyumba, ambayo iliamuru serikali kuu, majimbo na mabaraza yote kushirikiana kujenga nyumba za kodi nafuu, na lengo likawekwa la nyumba milioni 1.8 katika muda wa miaka 6. Lengo hilo lilifikiwa na kupitwa.

Lakini sheria iliyo maarufu kuliko zote ni ile ya mwezi wa Agosti mwaka 1952, ambayo jina lake kwa maana ni Sheria ya Kusawazisha Mizigo. Kwa sheria hiyo, mtu ambaye mali yake ilisalimika katika vita alitakiwa kutoa nusu ya thamani yake kwa ajili ya wale waliopoteza mali zao. Nusu nzima! Mtu akisikia hivyo hushtuka. Lakini wenye kuitunga walikuwa na busara: hawakumwambia mtu auze nusu ya shamba lake. Waliigawanya nusu hiyo katika malipo madogo ya kila miezi mitatu, yaliyoendelea mpaka mwaka 1979.

Tuchukue mfano, tukiacha misamaha na riba. Mtu mwenye nyumba ya thamani ya marki 30,000 alidaiwa marki 15,000. Kwa miaka 30 hiyo ni marki 500 kwa mwaka, yaani marki 125 kila miezi mitatu. Aliweza kuilipa katika pato lake bila kuuza hata tofali moja. Tena thamani iliyohesabiwa ilikuwa ile ya tarehe 21 Juni 1948, siku fedha mpya ilipoanza kutumika. Na kwa kuwa mali ilizidi kupanda bei katika miaka iliyofuata, malipo yalizidi kuwa mepesi. Fedha zilizokusanywa zilitolewa kuwa fidia, mikopo ya kujengea nyumba, na msaada wa kununua vyombo vya nyumbani. Mkimbizi alipata kitanda chake mwenyewe na jiko lake mwenyewe, na mkulima akarudishiwa vyumba vyake.

Mizani ya Königstein

Sasa tuje kwenye siku za karibu. Katiba ya mwaka 1949 iliahidi hifadhi kwa watu wanaoteswa kwa sababu za siasa, na kwa ahadi hiyo watu wa mataifa mengine wakafika. Ilitakiwa kanuni ya kuwagawanya katika majimbo. Wakatumia mizani iliyokuwapo tayari. Mwaka 1949 majimbo yalikuwa yamepatana katika mji wa Königstein juu ya kuchangia gharama za vyuo vya uchunguzi wa elimu, na mizani ya mchango huo ndiyo inayotumika mpaka leo kuwagawanya waomba hifadhi.

Mizani yenyewe ni rahisi. Kodi inayokusanywa na jimbo huhesabiwa mara mbili, na idadi ya watu wake huhesabiwa mara moja. Kisha jumla hugawanywa kwa tatu. Tuseme kuna sehemu mbili tu. Ya kwanza ni tajiri: inatoa kodi 60 katika kila 100, lakini ina watu 30 tu katika kila 100. Ya pili inatoa kodi 40, nayo ina watu 70. Ya kwanza itapata mara mbili 60, ambazo ni 120, na 30 juu yake, jumla 150. Gawanya kwa tatu, ni 50. Ya pili itapata 80 na 70, jumla 150. Gawanya kwa tatu, ni 50 pia. Kwa hiyo sehemu ndogo yenye utajiri na sehemu kubwa yenye unyonge zitachukua wageni sawasawa. Mwenye nguvu anabeba kwa nguvu zake, na mwenye watu wengi hasamehewi kabisa.

Hesabu hufanywa upya kila mwaka. Kwa mizani hiyo, katika kila wakimbizi 100, jimbo la Rhine Kaskazini-Westphalia hupewa wapatao 21, Bavaria zaidi kidogo ya 15, Baden-Württemberg wapatao 13, na mji mdogo wa Bremen, ambao nao ni jimbo, mmoja tu. Faida kubwa ya mizani hii ni kwamba imepatikana kabla ya ugomvi. Wakimbizi wanapofika, hakuna kiongozi anayeweza kusema kwamba jimbo lake limeonewa na adui zake, kwa maana hesabu iko wazi na mtoto wa shule aweza kuikagua.

Fedha hupitia wapi?

Jaribu kubwa lilikuja mwaka 1015 na elfu moja zaidi, yaani mwaka 2015, ambapo waomba hifadhi wapatao 890,000 waliingia Ujerumani, wengi wao wakitoka Syria, Afghanistan na Iraq. Mabaraza yalifungua kumbi za michezo za shule na kutandika vitanda. Huko Berlin watu walilazwa katika mabanda ya ndege ya kiwanja cha zamani cha Tempelhof. Mizani ilionyesha watu waende wapi, lakini haikusema nani alipe.

Mwezi wa Septemba mwaka huo serikali kuu na majimbo walikaa pamoja, wakapatana kwamba serikali kuu itayapa majimbo yuro 670 kila mwezi kwa kila mwomba hifadhi, tangu aandikishwe mpaka ombi lake liamuliwe. Neno hilo la mwisho lina maana kubwa. Idara inayoamua maombi ni ya serikali kuu; basi ikichelewa miezi, yenyewe ndiyo inayolipa miezi hiyo. Tena serikali kuu iliyaachia mabaraza majengo yake yaliyokuwa matupu, kama kambi za zamani za askari, bila kodi. Na tangu mwaka 2016 hata mwisho wa mwaka 2021 iliwarudishia mabaraza gharama yote ya kodi za nyumba za wakimbizi waliokwisha kukubaliwa na ambao bado hawakuwa na kipato cha kuwatosha. Mpango ulibadilishwa tena mwezi wa Novemba mwaka 2023, ikakubaliwa kwamba kuanzia mwaka 2024 serikali kuu itoe yuro 7,500 kwa kila anayeomba hifadhi kwa mara ya kwanza. Maana yake ni kwamba wageni wakizidi, fedha huzidi, wakipungua, hupungua.

Lakini fedha hizo huingia katika hazina ya jimbo, nazo sharti zishuke mpaka kwa baraza. Hapa kila jimbo lina desturi yake. Bavaria huwarudishia wenyeji gharama walizotumia kwa hakika. Rhine Kaskazini-Westphalia hutoa kiasi kilichokatwa kwa kila kichwa: tangu mwaka 2021 kiasi hicho kiliwekwa kuwa yuro 875 kwa mwezi kwa miji iliyo ndani ya wilaya, na yuro 1,125 kwa miji mikubwa inayojitegemea, kwa sababu gharama za miji mikubwa zilionekana kuwa kubwa zaidi.

Kila njia ina ubaya na uzuri wake. Baraza linalorudishiwa gharama zote halina hasara, lakini laweza kukosa bidii ya kutafuta nyumba ya bei nafuu. Baraza linalopewa kiasi kilichokatwa litaangalia kila senti, lakini kodi za nyumba zikipanda, upungufu utatoka katika mfuko wa barabara au wa maktaba, na raia watauliza kwa nini.

Manung'uniko ya mabaraza

Si haki nikiwaeleza mpango bila kuwaeleza malalamiko. La kwanza ni la vitanda vitupu. Baraza lenye busara huweka nafasi tayari kwa ajili ya watakaokuja kesho, lakini malipo ya kila kichwa hayahesabu kitanda ambacho hakina mtu juu yake. Baraza likivunja mkataba wa nyumba ili kuokoa fedha, mwaka unaofuata hulazimika kurudi katika kumbi za michezo, na watoto wa shule hukosa mahali pa kuchezea.

La pili ni la watu waliokataliwa. Katika jimbo la Rhine Kaskazini-Westphalia, kabla ya mwaka 2021, malipo yalikoma miezi 3 tu baada ya ombi la mtu kukataliwa kabisa. Lakini wengi waliokataliwa hawakuweza kurudishwa kwao, wakakaa miaka. Fedha zilikoma; mtu na tumbo lake na kitanda chake walikuwapo palepale. Baraza halikumkataa wala halikuwa na uwezo wa kumrudisha, lakini lilimlipia.

La tatu lahusu mizani yenyewe. Inahesabu kodi na vichwa, wala haihesabu nyumba zilizo wazi. Miji tajiri kama Hamburg hupewa watu wengi kwa kadiri ya kodi zake, hali nyumba hazipatikani hata kwa wenyeji. Kwa upande mwingine, ziko sehemu za mashambani zenye nyumba tupu, lakini kazi ni haba. Mkimbizi naye hana budi kufuata mizani, hata kama ndugu yake aliye tayari kumpokea anakaa jimbo jingine. Na kwa sheria ya mwaka 2016, aliyekwisha kukubaliwa hutakiwa kukaa miaka 3 katika jimbo alilopangiwa, isipokuwa amepata kazi au masomo kwingine. Haki ya mabaraza imepatikana kwa kupunguza hiari ya mtu.

Jembe la siku ya tatu

Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii haina ukali kama wengine wanavyodhani. Mwenye jembe mkononi hula jasho lake, naye hapaswi kuinamisha uso mbele ya mwenyeji. Huko Ujerumani, mwomba hifadhi hakuruhusiwa kufanya kazi miezi kadhaa; tangu mwaka 2014 katazo lilipunguzwa kuwa la miezi 3 ya kwanza, lakini kwa anayekaa katika kambi ya mapokezi huwa refu zaidi. Kila mwezi ambao mtu mwenye nguvu amekatazwa kazi ni mwezi ambao kodi ya nyumba yake inalipwa na hazina. Kwa hiyo katika hesabu zote za kugawana gharama, isisahauliwe kwamba njia iliyo nafuu kuliko zote ni kumwezesha mgeni ajilipie mwenyewe.

Na sisi je?

Msomaji wa Turkana au wa Garissa hahitaji kuambiwa uzito wa jambo hili. Kambi za Dadaab zilianza mwaka 1991, na Kakuma mwaka 1992, na watoto waliozaliwa humo sasa nao wana watoto. Kwa miaka mingi gharama zililipwa zaidi na mashirika ya mataifa, na kambi zilikaa kando ya mabaraza ya nchi. Tangu mwaka 2013 kuna serikali za kaunti zenye hazina zao, na mwezi wa Machi mwaka 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika, wenye nia ya kuzigeuza kambi kuwa makazi ambamo wenyeji na wakimbizi watatumia shule, maji na hospitali kwa pamoja. Nia hiyo ikitimizwa, swali la Schleswig-Holstein litabisha hodi mlangoni petu: je, kisima cha Kakuma ni kisima cha Turkana peke yake, au ni cha Kenya nzima?

Sisemi kwamba mizani ya Wajerumani yafaa kuchukuliwa ilivyo. Nguo ya mtu mwingine haivaliwi kabla ya kupimwa. Lakini mambo matatu yaonekana wazi. Kanuni ya kugawana iandikwe wakati wa utulivu, kabla wageni hawajafika. Fedha zimfuate mtu mpaka kijijini anakolala, zisibaki ofisini njiani. Na yule mwenye uwezo wa kuamua au kuchelewesha, ndiye alipe gharama za kuchelewa. Mwenyeji akijua kwamba wenzake wote wa nchi wameshika ncha ya mzigo pamoja naye, ni vyepesi kwake kumkaribisha mgeni kwa moyo mweupe. Lakini akiachwa peke yake, hata mwema huchoka, na wa kwanza kuyaona machovu yake ni mgeni mwenyewe.